Neva ikikatika: kinachoonekana kwa hadubini ndani ya nyuzi zake, siku baada ya siku

MTOA MADA

Wanajukwaa, salaam. Kuna maswali yanayojirudia hapa kuhusu watu waliokatwa na panga mkononi, waliovunjika mfupa wa mkono wa juu wakashindwa kunyanyua kiganja, au waliochomwa sindano ya tako kisha mguu ukalegea. Majibu wanayopewa huwa ya aina mbili. Wapo wanaosema kwamba neva ikishakatika imekufa na haioti tena, na wapo wanaomwambia mgonjwa ameze vidonge vya vitamini B na asubiri, ilhali vidonge hivyo humsaidia aliyepungukiwa na vitamini hizo, wala haviwezi kuunga kilichokatika. Wote wawili hawajui kwamba uzi wa neva uliojeruhiwa hupitia mabadiliko yenye ratiba, na kwamba wataalamu wameyafuatilia mabadiliko hayo kwa hadubini kwa zaidi ya miaka 170. Ninalotaka kulieleza ni hili: kuvunjika kwa kipande kilichotengwa ni kazi inayofanywa na mwili wenyewe, na pale ambapo kazi hiyo haifanyiki ipasavyo, neva haioti vizuri.

Tuanze na umbo. Neva ya mkononi, ile ambayo daktari wa upasuaji huiona kwa macho, ni fungu la maelfu ya nyuzi. Kila uzi, ambao huitwa aksoni, ni mkono mrefu wa seli moja tu. Ikiwa ni uzi wa kuendesha misuli, mwili wa seli hiyo umo ndani ya uti wa mgongo. Ikiwa ni uzi wa hisi, mwili wa seli umo katika ganglioni, yaani kinundu kidogo kilicho kando ya uti wa mgongo. Uzi unaofika kidole gumba cha mguu wa mtu mzima una urefu wa karibu mita 1, lakini kipenyo chake hakizidi mikromita 20. Nyuzi nene huvikwa mailini, ganda la mafuta na protini linalotengenezwa na seli za Schwann, ambazo zimejipanga moja baada ya nyingine kufuata urefu wa uzi. Kati ya seli moja na ya pili kuna mwanya mdogo uitwao kifundo cha Ranvier. Nje ya seli hizo kuna utando mwembamba unaofanya mrija mmoja mrefu kuanzia juu hadi chini, na mrija huo utakuwa na sehemu kubwa katika habari hii.

Mwaka 1850 Augustus Waller, daktari Mwingereza aliyekuwa akitibu wagonjwa Kensington, London, alipeleka kwa Royal Society, chama cha wanasayansi cha huko London, taarifa ya majaribio yake juu ya ulimi wa chura. Ulimi huo ni mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga, hivyo nyuzi za neva zilizomo zinaweza kutazamwa kwa hadubini. Waller alikata neva ya kichwa ya 9 na ya 12, ambazo zote huingia ulimini, kisha akafuatilia siku kwa siku. Aliona mailini, ambayo awali ilikuwa angavu na laini, ikiganda, ikikatika vipande, na mwishowe ikabaki chembechembe tu, na hali hiyo ilienea kuanzia mahali palipokatwa hadi ncha kabisa za neva. Sehemu iliyobaki imeungana na ubongo ilikuwa karibu na hali yake ya kawaida. Hadi leo badiliko hilo huitwa kwa jina lake.

Waya wa umeme ukikatwa, vipande vyote viwili hubaki waya, na fundi akiviunga umeme hupita tena. Uzi wa neva hauko hivyo, na tangu Waller imefahamika kwamba hata mshonaji awe hodari namna gani, nyuzi zilizo chini ya jeraha haziwezi kuunganishwa zikaendelea na kazi. Mshonaji huunga maganda ya nje ili mirija ielekeane. Nyuzi zenyewe ni lazima ziote upya kutoka juu.

Sasa niingie ndani zaidi, kwa kufuata saa na siku. Nyingi ya takwimu hizi zimetoka kwa panya, ambao mambo yao huenda haraka kuliko ya binadamu.

Katika dakika za kwanza, utando wa uzi uliokatika huacha kalsiamu kuingia kwa wingi, na ncha zote mbili huharibika kwa masafa mafupi kabla ya kuziba. Kwa kuwa mizigo ya seli, kama vile mitokondria na vifuko vya protini, huendelea kusafirishwa ndani ya uzi na kukwama kwenye ncha, baada ya saa kadhaa ncha hizo huvimba kama inavyoonekana wazi kwa hadubini ya elektroni.

Kisha kuna kipindi cha ajabu, ambacho kwa maoni yangu hakitajwi vya kutosha hata madarasani. Kwa muda wa siku 1 hadi 2 katika panya, kipande kilichotengwa hukaa kana kwamba hakuna lililotokea. Umbo lake ni zima, na ukikisisimua kwa umeme hupitisha ishara na msuli huruka. Halafu ghafla, katika saa chache tu, uzi mzima husambaratika: vijibomba vya ndani huvunjika, nyuzinyuzi za protini hugeuka chenga baada ya kukatwa na vimeng'enya vinavyoamshwa na kalsiamu, na utando hukatikakatika.

Seli za Schwann huitikia mapema. Huacha kutengeneza protini za mailini, hurudi katika hali inayofanana na uchanga wao, hugawanyika na kuongezeka, na huanza kuivunja mailini ambayo zenyewe ziliitengeneza. Kwa hadubini ya kawaida mtu huona safu ya mayai madogo ya mailini mahali palipokuwa na ganda lililonyooka. Kuanzia siku ya 2 au ya 3 makrofeji, yaani seli za kinga zinazomeza uchafu, huingia kutoka kwenye damu, na idadi yake hufikia kilele kati ya wiki ya kwanza na ya pili. Hizo humeza mabaki yaliyosalia. Usafi ukikamilika, ndani ya kila mrija hubaki mstari wa seli za Schwann zilizojipanga kwa urefu, ambao huitwa mkanda wa Büngner, kwa jina la Mjerumani aliyeueleza mwaka 1891. Mkanda huo ndio njia ya uzi mpya.

Huko juu nako hakukai bila mabadiliko. Kisiki, yaani sehemu ya uzi iliyobaki imeungana na mwili wa seli, hurudi nyuma kidogo, kwa kawaida hadi kifundo cha Ranvier cha karibu. Mwili wa seli huvimba, kiini chake husogea pembeni, na yale mabaka ya rangi yaliyojaa ndani yake, ambayo Franz Nissl alibuni namna ya kuyapaka rangi, hutawanyika. Wengi hulitazama badiliko hilo kama dalili ya kufa, na kweli jeraha likiwa karibu sana na mwili wa seli baadhi ya seli hufa. Lakini mara nyingi ni seli inayobadilisha kazi, ikiacha kutengeneza vitu vya kupeleka ishara na kuanza kutengeneza vifaa vya ujenzi.

MCHANGIAJI WA 1

Ahsante sana mtoa mada kwa uzi huu. Ninasoma mwaka wa tatu wa udaktari, na naomba kuuliza kwa heshima. Tulifundishwa kwamba kipande cha chini hufa kwa sababu kimekosa lishe kutoka kwenye mwili wa seli. Ukisema ni kazi inayofanywa na mwili, je, unapingana na Waller mwenyewe?

MTOA MADA

Ndugu mwanafunzi, ulivyofundishwa ndivyo ilivyoaminika kwa karibu miaka 140, na Waller hakukosea kusema kwamba mwili wa seli ndio unaoutunza uzi. Lililokuwa halijafahamika ni namna uzi unavyokufa baada ya kukosa matunzo hayo.

Mwaka 1989 watafiti wa Oxford walieleza aina ya panya wa maabara ambao neva zao zilikuwa na tabia isiyotarajiwa. Walipokata neva kuu ya mguu, kipande cha chini, ambacho katika panya wengine huacha kufanya kazi baada ya siku 1 au 2, kiliendelea kupitisha ishara kwa takribani wiki 2. Lishe ilikuwa imekatwa vilevile, kisu ni kilekile, lakini uzi haukuvunjika. Kama njaa pekee ndiyo iliyoua, panya hao wasingeweza kuwapo. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba panya hao wana jeni iliyoungana kimakosa kutoka jeni mbili, na sehemu yake moja hutengeneza kimeng'enya kinachozalisha NAD, kitu ambacho kila seli hukihitaji ili kupata nishati.

Kuanzia hapo mlango ulifunguka. Katika uzi wa kawaida kazi hiyo ya kuzalisha NAD hufanywa na kimeng'enya kiitwacho NMNAT2, ambacho hutengenezwa katika mwili wa seli na kusafirishwa kushuka chini, na ambacho huharibika haraka kikiwa hakiletwi kingine. Uzi ukikatwa, akiba yake huisha katika muda wa saa chache. Mwaka 2012 watafiti waligundua, kwanza kwa nzi wa matunda na kisha kwa panya, kwamba protini iitwayo SARM1 ikiondolewa, nyuzi zilizokatwa hazivunjiki kwa siku nyingi. Na mwaka 2017 kikundi cha Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, kilionyesha kwamba SARM1 yenyewe ni kimeng'enya kinachokata NAD. Kwa hiyo mpangilio uko hivi: kuwapo kwa NMNAT2 huifanya SARM1 itulie, kutoweka kwake huiamsha, na SARM1 ikiamka humaliza NAD yote ndani ya uzi, nishati hukatika, kalsiamu hufurika, na vimeng'enya vya kukata huanza kazi. Kile kipindi cha utulivu nilichokieleza hapo juu ni muda wa NMNAT2 kuisha.

Utauliza kwa nini mwili uwe na silaha ya namna hiyo ndani ya nyuzi zake. Sehemu ya jibu imo kwa panya haohao wa Oxford. Taarifa ya kwanza ilidai kwamba kuchelewa kuvunjika hakukuzuia neva kuota, lakini vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba kuota kwao kulichelewa, hasa kwa nyuzi za hisi. Mrija uliojaa uzi wa zamani na mailini yake haumpi nafasi mgeni.

MCHANGIAJI WA 2

Mimi ni mfiziotherapia, na ningependa kuongeza jambo linalotusumbua kazini. Wagonjwa wengi hupelekwa kufanyiwa kipimo cha umeme wa neva na misuli siku ya pili au ya tatu baada ya ajali, wakatumia fedha nyingi, kisha majibu yakasema neva inapitisha ishara vizuri chini ya jeraha. Familia hufurahi. Baada ya wiki tatu kipimo kikirudiwa, hakuna kitu.

MTOA MADA

Umeugusa moyo wa mada, na nakushukuru. Kipimo hicho hakikusema uongo. Kilifanywa ndani ya kile kipindi cha utulivu. Kwa binadamu kipindi hicho ni kirefu kuliko cha panya: msuli huacha kuitikia msisimko wa neva kati ya siku ya 3 na ya 9, na nyuzi za hisi huweza kuendelea hadi karibu siku ya 11. Ukipima kabla ya hapo, neva iliyokatika kabisa na neva iliyopigwa tu ganzi na mshtuko hutoa majibu yanayofanana chini ya jeraha. Msuli nao huanza kutoa mitetemo yake ya kukosa neva baada ya wiki 2 hadi 3. Ndiyo sababu wataalamu wengi husubiri takribani wiki 3 kabla ya kutoa hukumu, isipokuwa kama jeraha ni la kukatwa na kitu chenye makali, ambapo inafaa mahali hapo pafunguliwe na kutazamwa mapema bila kungoja kipimo.

Mgawanyo wa majeraha ambao Herbert Seddon aliuchapisha mwaka 1943, baada ya kutibu majeruhi wengi wa vita huko Uingereza, unaeleweka vizuri zaidi ukitazamwa kwa hadubini. Daraja la kwanza ni uzi uliopoteza mailini mahali pamoja lakini wenyewe ni mzima. Hapo uvunjikaji wa Waller hautokei, na mgonjwa hupona kwa wiki kadhaa hadi miezi michache. Daraja la pili ni uzi uliokatika huku mrija wake ukiwa salama. Uvunjikaji hutokea kikamilifu, lakini uzi mpya hupita katika mrija uleule na kufika kulekule. La tatu ni neva iliyokatika yote, mirija ikiwamo. Mwaka 1951 Sydney Sunderland wa Melbourne aliongeza madaraja yakawa 5, kwa kutofautisha ni maganda gani ya ndani yaliyochanika.

Kuhusu mwendo, ncha ya uzi unaoota, ambayo Santiago Ramón y Cajal wa Hispania aliieleza mwaka 1890 na kuiita koni ya ukuaji, husonga kwa takribani milimita 1 kwa siku. Aliyekatwa neva kwapani ana safari ya zaidi ya nusu mita hadi vidoleni, ambayo ni karibu mwaka mmoja na nusu au zaidi. Wakati huohuo msuli uliokosa neva unakonda, na kwa kawaida ukikaa zaidi ya miezi 12 hadi 18 hauwezi tena kuupokea uzi hata ukifika. Seli za Schwann zilizosubiri muda mrefu nazo huchoka, mirija husinyaa, na kolajeni, protini ya makovu, hujaa.

Hata uzi ukifika, haufanani na wa zamani. Katika uzi ulioota upya, vifundo vya Ranvier hukaribiana na mailini huwa nyembamba kuliko inavyostahili unene wa uzi, na mtu mwenye hadubini huweza kuutambua miaka mingi baadaye. Njia nazo huchanganyika. Baadhi ya waliowahi kupooza uso hutokwa na machozi wanapokula, kwa sababu nyuzi zilizokuwa zikienda kwenye tezi za mate zimeota hadi kwenye tezi ya machozi.

MCHANGIAJI WA 3

Mimi si mtaalamu. Naomba kujua, kama neva za mkono zinaota, mbona aliyeumia uti wa mgongo haoti neva zake akatembea?

MTOA MADA

Swali zuri, ndugu yangu, na linahusu usafi uleule. Ndani ya ubongo na uti wa mgongo hakuna seli za Schwann. Mailini hutengenezwa na seli nyingine, oligodendrosaiti, ambazo hazigeuki kuwa wasafishaji wala hazipangi mikanda. Damu haipeleki makrofeji kwa wingi katika urefu wote wa njia iliyokatika. Matokeo yake ni kwamba mabaki ya mailini, ambayo mkononi huondoka kwa wiki chache, katika uti wa mgongo wa binadamu huweza kukutwa hata baada ya miaka. Mailini hiyo ina protini zinazozuia koni ya ukuaji, mojawapo ikiwa ni ile iliyoitwa Nogo, na mahali pa jeraha hufanyika kovu.

Lakini uzi wenyewe haujapoteza uwezo wote. Mwaka 1981 Samuel David na Albert Aguayo wa Montreal walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya, wakakitumia kama daraja kati ya shina la ubongo na uti wa mgongo, na nyuzi za mfumo wa kati, yaani za ubongo na uti wa mgongo, zikaota ndani yake kwa sentimita kadhaa. Zilipofika mwisho wa daraja na kuingia tena katika uti wa mgongo, zilisimama. Sitaki mtu asome hapa akadhani kuna tiba iliyo tayari, kwa maana sababu ni nyingi na nyingine zimo ndani ya seli zenyewe.

MCHANGIAJI WA 4

Shikamoo mtoa mada. Mdogo wangu alianguka na bodaboda akaumia bega, na sasa mkono mzima umelegea na hahisi hata akichomwa sindano. Amepimwa baada ya mwezi. Majibu yanasema nyuzi za kuendesha misuli hazipitishi kitu, ila nyuzi za hisi ni za kawaida. Sisi nyumbani tumeambiana kwamba angalau nusu imepona. Je, ni sawa?

MTOA MADA

Marhaba, na pole sana kwako na kwa mdogo wako. Mimi simtibu, kwa hiyo nitaeleza maana ya jumla tu, na nakuomba uyapeleke maelezo haya kwa daktari wake. Majibu ya namna hiyo kwa mtu asiyehisi kabisa mara nyingi ni habari mbaya.

Sababu yake ilionyeshwa na Waller mwenyewe, miaka michache baada ya ulimi wa chura, alipokata mizizi ya neva karibu na uti wa mgongo. Alipokata mzizi wa hisi kati ya ganglioni na uti wa mgongo, kilichovunjika ni kile kipande kinachoingia katika uti wa mgongo. Nyuzi zilizokuwa zikishuka mkononi zilibaki nzima, kwa kuwa bado zilikuwa zimeungana na seli zake katika ganglioni. Mtu akianguka kutoka kwenye pikipiki na bega likavutwa mbali na shingo, mizizi huweza kung'oka kutoka kwenye uti wa mgongo mahali hapohapo. Nyuzi za hisi za mkononi huwa hai, hupitisha umeme vizuri kwenye kipimo, lakini habari inaishia kwenye ganglioni na haifiki ubongoni. Nyuzi za kuendesha misuli, ambazo seli zake zimebaki upande wa pili wa palipong'oka, huvunjika zote.

Mzizi uliong'oka hauna kisiki ambacho daktari anaweza kukishona, wala hauwezi kujiotea wenyewe, kwa hiyo kusubiri hakumsaidii. Njia inayotumika ni kuhamisha neva: huchukuliwa neva za kati ya mbavu au neva inayokwenda kwenye msuli wa bega na shingo, zikaunganishwa na neva ya msuli unaotakiwa. Ikiwa mizizi ya chini imesalimika, ipo pia njia ambayo Christophe Oberlin wa Ufaransa aliieleza mwaka 1994, ya kuchukua fungu dogo kutoka neva ya alna, mojawapo ya neva kuu za mkono, na kuliunga kwenye tawi la msuli unaokunja kiwiko. Ulizeni mapema kuhusu upasuaji huo, kwani wataalamu hupendelea kuufanya kabla ya miezi 6 kupita. Hapo kiungo hushonwa karibu kabisa na msuli, na kwa mwendo ule wa milimita 1 kwa siku nyuzi mpya hufika baada ya miezi michache, wakati msuli bado unaweza kuzipokea.